Maji ya Rangi ya Kutu

Goti langu la kulia lilipotolewa maji kwa mara ya kwanza nilikuwa na umri wa miaka 33, na nililala chali nikitazama dari kwa sababu siwezi kuitazama sindano inapoingia mwilini. Daktari alivuta mabomba matatu ya mililita 20, akanibandika pamba na plasta, akasema, "Pole, Mwalimu, tumemaliza." Muuguzi akayamwaga maji yote kwenye sinki. Niligeuza uso wakati bomba la mwisho likimiminwa, nikaona maji ya kahawia iliyokolea, kama yale yanayotoka kwenye bomba la chuma lililokaa miezi bila kufunguliwa. Nilidhani ni damu iliyosababishwa na sindano yenyewe, kwa hiyo sikuuliza. Kwenye karatasi yangu iliandikwa kwamba goti limetolewa maji mililita 60. Rangi haikutajwa.

Ilinichukua miaka mitatu, na sindano nyingine mbili za namna ile, kuelewa kwamba siku hiyo jibu la ugonjwa wangu lilipitia sinkini.

Ugonjwa wenyewe ulianza kimya kimya. Sikuanguka, sikugongwa, wala sikuwa mtu wa michezo. Niligundua tu kwamba kila nikitoka darasani, ambako husimama saa tano au sita kwa siku, goti la kulia limejaa kuliko la kushoto, na ile mibonyeo miwili iliyo pembeni mwa pia ya goti imefutika kana kwamba mtu ameijaza udongo. Nikibonyeza, palikuwa laini na pazito, kama mfuko wa maji uliofungwa mdomo. Asubuhi uvimbe ulikuwa umepungua, nami nikaamini kwamba ni uchovu. Maumivu hayakuwa ya kumliza mtu. Yalikuwa ya chini kwa chini, ya kumkumbusha tu mwenye goti kwamba analo. Mara moja moja goti lilikwama nikishuka ngazi, nikalazimika kushika ukuta, kulitikisa kidogo na kusubiri lijifungue kabla ya kuendelea. Ugonjwa unaouma sana hutafutiwa jina haraka. Huu wangu uliniruhusu kufanya kazi, kwa hiyo mimi sikuwa na haraka, na waliokuwa wakinitibu nao hawakuwa na haraka.

Eksirei ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili, mwaka mmoja baadaye, nayo ilikuwa safi. Sasa najua kwamba usafi huo haukuwa na maana niliyoipa, kwa sababu eksirei huonyesha mfupa, ilhali tatizo langu lilikuwa kwenye utando laini unaokivisha kiungo kwa ndani na kutengeneza ute wa kulainisha mwendo. Goti lina nafasi kubwa. Utando unaweza kunenepa ndani yake kwa miaka kabla haujaanza kuula mfupa. Kwenye nyonga, ambako kiungo kimebanwa, ugonjwa huu huu huweza kuchimba vishimo kwenye mfupa pande zote mbili za kiungo mapema zaidi, na hapo eksirei hushtuka. Mimi nilizunguka na bahasha za picha safi kama mtu anayetembea na cheti cha afya njema.

Daktari wa kwanza alisema ni meniska iliyochanika, yaani ile gegedu ya umbo la mwezi mwandamo inayokaa kati ya mfupa wa paja na wa muundi, na akanipa dawa za maumivu pamoja na ushauri wa kupumzisha mguu. Wa pili, miezi minane baadaye, alinitoa maji mililita 50, ya kahawia vilevile, kisha akachoma steroidi ndani ya kiungo. Sindano ile ilinipa miezi miwili mizuri sana, na kwa kuwa ilisaidia, sote wawili tuliamini kwamba tumeupata ugonjwa, wakati steroidi hutuliza karibu kila aina ya utando uliokasirika bila kusema umekasirishwa na nini. Wa tatu alifikiri ni baridi yabisi. Vipimo vya damu havikuonyesha dalili yoyote ya uvimbe wa mwili mzima, na kiungo kilichovimba kilikuwa kimoja tu, tena kikubwa, bila vidole wala viganja kuguswa. Hata hivyo nilimeza dawa za baridi yabisi kwa miezi saba. Naye alinitoa maji kabla ya kuanza dawa. Yalimwagwa.

Ni rahisi kuwalaumu watu watatu nikawa mimi peke yangu niliyesalia bila lawama, lakini si kweli. Kila nilipobadilisha daktari nilianza hadithi upya, kwa ufupi, bila karatasi za nyuma, nikiwa na aibu kidogo ya kuonekana mtu anayehamahama. Nilisema "nimewahi kutolewa maji" jinsi mtu anavyosema amewahi kunywa dawa ya kichwa. Mimi ndiye pekee niliyekuwapo katika vyumba vyote vitatu na kuona kwamba rangi ilikuwa ileile, na sikumwambia mtu.

Aliyeuliza alikuwa daktari wa nne, mama mtu mzima, bingwa wa mifupa na viungo, ambaye nilipelekwa kwake na mwalimu mwenzangu baada ya kuniona nashuka ngazi kwa kutanguliza mguu mmoja kama mtoto. Hakuanza na goti. Alinikalisha, akanipa nafasi ya kusema, kisha akauliza:

"Mwalimu, hayo maji waliyokuwa wakikutoa yalikuwa na rangi gani?"

Nikamjibu kwamba yalikuwa na damu kidogo, nadhani ya sindano.

"Damu ya sindano huingia kama uzi mwekundu kwenye maji ya manjano. Yako yalikuwa hivyo?"

Nikafikiri. "Hapana, Daktari. Yalikuwa ya kahawia yote. Mara zote tatu."

Aliweka kalamu mezani na kuniangalia vizuri. Maswali yaliyofuata yalikuja kwa mpangilio ambao sikuuelewa siku ile: kama niliwahi kung'olewa jino na damu ikakataa kukatika, kama katika ukoo wetu kuna wanaume wanaotokwa damu ovyo, kama natumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama nimewahi kuugua kifua kikuu au kukaa na mgonjwa wake, kama ninapungua uzito au ninatoka jasho usiku. Majibu yote yalikuwa hapana. Baadaye alinieleza kwamba damu inayojikusanya kwenye kiungo bila mtu kuumia ina sababu chache. Ziko himofilia na kasoro nyingine za kuganda kwa damu, zipo dawa, ipo mishipa ya damu iliyojisokota vibaya ndani ya utando, na upo utando wenyewe unapoanza kuota kupita kiasi. Ukishafuta zile za kwanza kwa maswali tu, orodha inakuwa fupi mno.

Akanitoa maji kwa mara ya nne. Safari hii aliniambia nitazame. Aliinua bomba kwenye mwanga wa dirisha, na maji yalikuwa mazito, ya rangi ya kutu, yasiyopitisha mwanga. Hakumwaga hata tone. Aliyagawa kwenye vichupa vitatu, kimoja cha kuhesabu seli, kimoja cha kutafuta chembe za jongo, na kimoja cha kuoteshwa ili kuona kama kuna vijidudu, vikiwamo vya kifua kikuu, ambavyo huhitaji wiki kadhaa kabla ya kutoa jibu. Kisha akaandika ombi la MRI, picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku, na kwenye ombi lenyewe, nililolisoma nikiwa kwenye benchi, aliandika maneno ambayo hakuna aliyekuwa ameyaandika kabla yake: damu ya mara kwa mara kwenye goti, hakuna ajali.

Nataka kukaa kidogo kwenye kipimo hicho, kwa sababu ndipo nilipojifunza kwamba picha nayo hujibu kulingana na ilivyoulizwa. Ripoti ya kwanza ilisema utando umenenepa, kiungo kina maji mengi, na huenda kuna maambukizi sugu. Daktari hakuridhika. Alikwenda mwenyewe kuketi na mtaalamu wa radiolojia, na nikaitwa tena kwa mpigo mmoja wa ziada wa dakika chache. Damu inayovuja na kuvunjikavunjika ndani ya utando huacha madini ya chuma, katika umbo liitwalo himosiderini, na ndiyo hiyo inayoyapa maji rangi ya kutu. Kwa hakika ni kutu ya mwili. Chuma huivuruga sumaku ya mashine. Kwa hiyo maeneo yenye chuma huonekana meusi kwenye picha za kawaida za MRI, zile zinazoonyesha mafuta kwa weupe na zile zinazoonyesha maji kwa weupe, na kuna aina moja ya mpigo ambayo huikuza athari hiyo, weusi ukasambaa kuliko ukubwa halisi wa tishu. Picha zangu za mpigo huo zilionyesha goti lililojaa vivuli vyeusi vyenye kingo zilizochakaa, mbele juu ya pia ya goti, pembeni, na nyuma kabisa, nyuma ya kano zinazopishana katikati ya kiungo.

"Tunaufikiria ugonjwa mmoja," alisema, "lakini sitaki kuutaja kwa uhakika mpaka tuuone kwa hadubini."

Aliutaja hata hivyo, kwa sababu nilisisitiza. Jina la zamani, lililotolewa na madaktari Jaffe, Lichtenstein na Sutro mwaka 1941, lilikuwa refu la kuchosha: sinovaitisi yenye rangi, vinyuzi na vinundu, na duniani kote hufupishwa PVNS. Watu hao walidhani kwamba kiini chake ni uvimbe wa mchochota, jinsi kiungo kinavyovimba kikikasirishwa. Siku hizi unahesabiwa kuwa ni uvimbe halisi, ingawa si saratani, na tangu mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani limeuweka pamoja na vinundu vya ala za kano za vidole, yaani vifuko vinavyozivisha kano hizo, chini ya jina moja, uvimbe wa seli kubwa wa ala za kano. Una sura mbili. Upo wa kinundu kimoja kilichojitenga, ambacho hukatwa na mara nyingi ikawa ndiyo mwisho wake, na upo uliosambaa, unaoushika utando wote kama ukungu unavyoshika ukuta. Wangu ulikuwa uliosambaa. Goti ndilo kiungo unachokipenda zaidi, na watu wazima wenye umri kati ya miaka 20 na 50 ndio unaowapata zaidi. Ni wa nadra: hesabu iliyotolewa Marekani mwaka 1980, ambayo bado hunukuliwa, ilikuwa wagonjwa 1.8 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka, na ingawa hesabu za karibuni ni kubwa zaidi, daktari wa kawaida anaweza kustaafu bila kukutana nao. Nilipoisikia hesabu hiyo hasira yangu kwa wale watatu ilipungua, ingawa haikuisha, kwa sababu hawakuhitaji kuujua ugonjwa. Walihitaji tu kushangaa kuona damu mahali pasipo na jeraha.

Kitu kilichonivutia kuliko vyote ni namna unavyojijenga. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba ndani ya uvimbe huu ni seli chache tu zilizoharibika. Katika seli hizo, kipande cha kromosomu ya 1 mara nyingi huwa kimehama na kuungana na cha kromosomu ya 2, na jeni iitwayo CSF1 ikaanza kufanya kazi bila kuzimwa. Kazi ya jeni hiyo ni kutoa ishara inayoziita seli za ulinzi ziitwazo makrofaji. Basi seli chache zinapiga kelele, na maelfu ya walinzi wasio na hatia wanakusanyika, wanakula damu iliyovuja, wanajaa chuma na mafuta, wanaungana kuwa seli kubwa zenye viini vingi, na wao ndio wanaokuwa sehemu kubwa ya uvimbe. Nilifundishwa haya kwa mchoro nyuma ya karatasi ya dawa, na karatasi hiyo ninayo hadi leo.

Kabla ya upasuaji mkubwa alichukua kinyama cha utando kwa ajili ya uchunguzi, kupitia tundu dogo. Nilimuuliza kwa nini asiumalize ugonjwa siku hiyohiyo kama tayari anaingia. Jibu lake lilininyamazisha. Alisema kuna sarkoma, saratani za tishu laini, ambazo karibu na kiungo zinaweza kufanana na huu kwenye picha, na mtu akiingia kukatakata utando akidhani ni uvimbe mpole, kisha ikawa sarkoma, atakuwa ameyasambaza maradhi kwenye kila njia aliyoipitisha kisu. Kwa hiyo mtu huanza na kipande, husubiri, ndipo hukata. Nilisubiri siku kumi na moja. Kwa siku zote hizo nilisahihisha madaftari ya wanafunzi, nami sikumbuki hata insha moja.

Majibu yaliposomwa, mtaalamu wa patholojia alikuwa ameona vyote vilivyotarajiwa: seli kubwa zenye viini vingi, makrofaji zilizojaa chuma, nyingine zilizojaa mafuta, na hakuna dalili ya saratani. Vichupa vilivyooteshwa havikuotesha kitu. Daktari alisema, "Si saratani, Mwalimu, lakini ugonjwa huu una tabia ya kurudi." Neno la kwanza lilinifurahisha kiasi kwamba sikulisikia la pili. Nilitoka nikampigia simu mdogo wangu, nikamwambia yameisha. Ilipita wiki nzima kabla sijaelewa kwamba neno lile linaeleza tu kwamba ugonjwa hauniui. Halielezi kama utaondoka. Uvimbe usio saratani unaweza kuila gegedu, kuchimba mfupa, na kumpeleka mtu wa miaka arobaini kwenye goti la bandia.

Tulikaa naye mara mbili kuzungumzia njia zilizopo. Kuacha bila kugusa kulikuwa na maana kwa mtu asiyeumwa na ambaye picha zake hazibadiliki. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupoteza gegedu pembeni. Mionzi, iwe ya nje au ya kemikali inayochomwa ndani ya kiungo, hutumiwa na baadhi ya madaktari baada ya upasuaji, lakini hakupenda kuianza kwa mtu wa umri wangu. Zipo pia dawa za kumeza zinazoziba masikio ya makrofaji zisiisikie ile ishara ya CSF1. Peksidatinibu iliidhinishwa Marekani mwezi Agosti 2019, ikiwa ya kwanza kuidhinishwa kwa ugonjwa huu, pamoja na onyo kali kuhusu ini, na mwaka uliofuata mamlaka ya dawa ya Ulaya iliikataa. Nyingine, vimseltinibu, ilikuja kuidhinishwa Marekani Februari 2025. Alizieleza zote bila kuzidharau, akasema kwamba huwafaa zaidi wale ambao kisu kitawaharibia zaidi kuliko kuwasaidia. Kwangu mimi alishauri kuutoa utando wote, mbele na nyuma.

Hilo la nyuma lilikuwa na uzito wake. Mbele ya goti mtu anaweza kufanya kazi kwa kamera na matundu madogo, akazungusha kifaa cha kunyolea utando huku akitazama kioo. Nyuma ya goti kuna mshipa mkubwa wa damu unaoulisha mguu wote, vena yake, na neva ya muundi, vyote vimekaa pamoja mahali pembamba, na ugonjwa wangu ulikuwa umejipenyeza hadi hapo. Wapo wanaofanya yote kwa kamera, na wapo wanaogawanya kazi katika siku mbili. Yeye alichagua siku moja: kamera mbele nikiwa chali, kisha kugeuzwa kifudifudi na kufunguliwa kwa kisu nyuma. Nilipotia saini, aliniomba nisome tena mstari unaohusu ganzi ya kudumu ya mguu. Niliusoma mara mbili.

Sina la kusimulia kuhusu upasuaji wenyewe, kwani nililala kwa nusukaputi na kuamka saa nne na nusu baadaye na kiu kikali. Nilichonacho ni picha. Kesho yake alikuja kitandani na simu yake, akaniuliza kama nina moyo wa kutazama. Mimi nisiyeweza kutazama sindano nilizitazama zote. Ndani ya goti langu kulikuwa na kitu kama mwani uliokwama kwenye mwamba maji yanapokupwa: vinyuzi virefu, laini, vya rangi ya kahawia na chungwa, vikielea kwenye maji ya kamera, na hapa na pale vinundu vya manjano vya ukubwa wa punje ya harage. Pembeni yake gegedu nyeupe iliyong'aa, na mahali pamoja gegedu hiyo ilikuwa imemomonyoka kama ukingo wa sahani iliyogongwa. Picha ya mwisho ilionyesha bakuli la chuma lenye tishu iliyotolewa, na ilikuwa imejaa karibu nusu. "Hii ndiyo iliyokuwa ikitoa yale maji," alisema. Aliongeza jambo ambalo wengine wangelificha: kwamba nyuma, karibu na mshipa mkubwa, kuna sehemu ndogo ambayo hakuthubutu kuigusa, na kwamba nisikubali kuambiwa na mtu yeyote kwamba imetoka yote.

Niliambiwa mapema kwamba nusu ya kazi ya upasuaji huu hufanywa na mgonjwa, nami niliichukua kauli hiyo kama maneno ya kutia moyo. Ilikuwa taarifa. Utando ukishaondolewa wote, ndani ya goti panakuwa kidonda kipana, na kidonda kisichotikiswa huganda. Mtaalamu wa mazoezi tiba alifika siku ya pili, akaweka taulo lililokunjwa chini ya kisigino changu, akasema nibonyeze goti chini kuelekea kitandani kwa kukaza msuli wa paja, nihesabu hadi tano, nilegeze. Msuli haukukaza. Niliutazama, nikauamuru, ukalala pale kama wa mtu mwingine. Ilichukua siku tatu kabla haujatetemeka kidogo, na nilifurahia mtetemo ule kuliko nilivyofurahia vyeti vyangu.

Hapa nilifanya kosa langu kubwa la pili. Katika wiki ya tatu maumivu ya kukunja yalinishinda, nikajipa ruhusa ya kupumzika, na nikakosa vipindi vinne mfululizo. Wiki ya sita goti lilikunjika nyuzi 70 tu, ambazo hazitoshi hata kukaa vizuri kwenye kiti na kuinuka. Daktari alizungumzia kunilaza tena na kulikunja goti kwa nguvu nikiwa usingizini, na wazo hilo peke yake lilinirudisha kwenye mazoezi. Nilianza kumeza dawa ya maumivu nusu saa kabla ya kipindi badala ya baada yake, ushauri mdogo ambao ningependa kuupata siku ya kwanza. Kufikia mwezi wa nne nilikuwa nyuzi 118. Paja la kulia, lililopimwa kwa utepe sentimita 10 juu ya pia ya goti, lilikuwa pungufu kwa sentimita 4 ukilinganisha na la kushoto. Sasa ni pungufu kwa sentimita moja na nusu, na halijawahi kulifikia. Nyayo zangu hazikupata ganzi, ila kuna kipande cha ngozi nyuma ya goti, kikubwa kama kiganja cha mtoto, ambacho nikikigusa ni kama nagusa nguo.

Tangu wakati huo nina daftari. Ndani yake nimebandika nakala za ripoti zote, na ukurasa wa kwanza nimeandika muhtasari wa mistari minane ambao humpa daktari yeyote mpya kabla sijafungua mdomo. Mara mbili nimeona daktari mgeni akiusoma, akaurudia mstari wa tatu, ule wa rangi ya maji, na mazungumzo yakaanzia hapo.

Miezi kumi na minne baada ya upasuaji goti lilivimba tena. Lilianza jioni, baada ya siku ndefu ya kusimamia mitihani, na kufikia asubuhi ile mibonyeo miwili ilikuwa imefutika. Sikulala usiku uliofuata. Nilikwenda kwa daktari wangu nikiwa nimeshajihukumu, nikapanda kitandani, na aliposhika bomba la sindano niliomba nikalishwe badala ya kulazwa, nione. Nilitazama sindano ikiingia, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Maji yalipanda polepole. Yalikuwa ya manjano, maangavu, na nyuma yake niliweza kuona vidole vya daktari vikiwa vimeshika bomba.

"Bado hii haitoshi," alisema kabla sijashangilia, na alikuwa na haki, kwa sababu maji safi hayathibitishi kwamba utando wa nyuma umetulia. MRI ilionyesha kivuli cheusi cha milimita 9 nyuma ya kano zinazopishana, palepale alipokuwa ameniambia kwamba hakuthubutu. Goti lenyewe, kwa maoni yake, lilikuwa limechoka tu kwa ile gegedu iliyomomonyoka. Tulikubaliana kutokigusa kivuli na kukipiga picha tena baada ya miezi sita, nacho kikawa bado milimita 9. Cha kufanya kikikua tumeshakizungumza, na dawa za kumeza zimo kwenye mazungumzo hayo. Mwezi ujao nina picha nyingine.

Siku ile ya sindano ya mwisho muuguzi alichukua kile chombo na kuelekea kwenye sinki. Nilimwomba asubiri kidogo, nikafungua daftari langu palepale kitandani, mguu ukiwa bado umenyooshwa, nikaandika tarehe na chini yake: goti la kulia, mililita 25, manjano, yanapitisha mwanga, nusu imepelekwa maabara. Kisha nikamwambia, "Haya, dada, waweza kumwaga."